KUMLISHA KUKU MGONJWA KWA MPIRA

Somo la redio kwa madarasa ya watu wazima. Mwalimu ayasome maneno haya polepole, kisha wanafunzi wayasome wenyewe kwa zamu. Darasa litahitaji kikapu, mizani, na bomba moja la sindano lililoondolewa sindano yake.

Natumaini kila mtu amekaa mahali pake na penseli iko mkononi.

Katika somo lililopita tulisoma namba zilizoandikwa juu ya mizani na juu ya chupa za dawa. Leo tutazitumia namba hizo kwa kazi ya nyumbani. Tutajifunza namna ya kumlisha kuku mgonjwa ambaye hawezi kula mwenyewe.

Labda mzee mmoja hapo nyuma anacheka. Anasema, "Je, kuku naye alishwe kwa mpira kama mgonjwa wa hospitali?" Cheka, mzee wangu, lakini sikiliza. Kuku jike mmoja ni mayai, ni vifaranga, ni daftari la mtoto wa shule, ni kitoweo cha mgeni. Tena ni kiumbe kinachoona njaa kama wewe unavyoiona.

KUKU ALIYEKUFA KWA KOSA LANGU

Nitawaambieni habari yangu mwenyewe. Miaka miwili iliyopita nilikuwa na kuku mwekundu. Akapata ndui ya kuku. Vipele vilitoka kwenye kilemba chake, kisha vikayazunguka macho. Vipele vikawa vigaga vyeusi, na macho yakafumba.

Kuku asiyeona hadonoi. Nilimwaga mtama chini. Wenzake wakala. Yeye alisimama katikati yao, akawasikia wakidonoa, wala hakujua punje iko wapi. Siku ya tatu nilimshika kifuani, nikaona mfupa wa kidari umechongoka kama kisu.

Nikamhurumia. Nikapika uji, nikamfungua mdomo kwa nguvu, nikammiminia kijiko kizima. Alikohoa. Akatikisa kichwa. Akaanza kupumua kwa mlio. Jua lilipokuchwa alikuwa amekufa.

Kuku yule hakufa kwa ndui. Uji wangu uliingia katika njia ya pumzi, ukaenda mapafuni. Nilikuwa na huruma, lakini sikuwa na maarifa. Nawaambieni kosa langu ili lisije likawa lenu.

Mwaka jana ndui ilirudi, ikamshika kuku mwingine. Safari hii nilikwenda kwa bwana mifugo. Alinionyesha kwa mikono yake namna ya kulisha kwa mpira. Haya ninayowaambia leo ndiyo niliyojifunza siku ile na siku zilizofuata.

JIULIZE KWANZA: ANA UGONJWA GANI?

Sikilizeni neno hili, maana ndilo kubwa kuliko yote ya leo. Mpira hauponyi ugonjwa. Mpira humpa kuku siku chache za kuishi, ili mwili wake upate nafasi ya kupigana na ugonjwa. Basi usianze kwa kuuliza, "Nitamlishaje?" Anza kwa kuuliza, "Ana ugonjwa gani, na je, ugonjwa huo unaweza kupita?"

Ndui ya kuku mara nyingi hupita. Huletwa na virusi, yaani vijidudu vidogo mno visivyoonekana kwa macho. Mbu huvichukua kutoka kwa kuku mmoja hadi mwingine, na pia huingia kwenye jeraha kuku wanapodonoana. Ndui hii haiwashiki watu. Hakuna dawa ya kuviua virusi vyake, lakini vigaga hukauka na kuanguka vyenyewe, mara nyingi baada ya wiki 2 hadi 4. Shida ni kwamba kuku kipofu hawezi kungoja wiki 2 bila kula. Ugonjwa unapita, njaa inamwua. Kuku wa namna hii ndiye wa kulishwa kwa mpira.

Lakini wako wengine ambao si wa kulishwa kwa mpira.

Kwanza, tazama ndani ya mdomo. Ndui nyingine huota ndani, ikafanya utando wa njano au mweupe kooni. Ukiuona, usipitishe mpira. Utaujeruhi mwili, na damu au utando vitaziba pumzi.

Pili, gusa gole. Gole ni ule mfuko wa chakula ulio mbele, chini ya shingo. Asubuhi, kabla kuku hajala, gole lapasa kuwa tupu. Kama limejaa, au ni gumu kama jiwe, au mdomo unanuka kama uji uliochacha, usiongeze kitu. Chakula hakishuki. Mwite bwana mifugo.

Tatu, tazama banda zima. Je, kuku wengi wanaugua kwa pamoja? Je, wanaharisha kijani, wanahema kwa shida, wanapinda shingo, wanakufa wengi kwa siku chache? Huenda ni mdondo, ambao wengine huuita kideri. Mdondo hauna dawa. Kinga yake ni chanjo ya mapema. Iko chanjo ya tone la jicho, nayo hurudiwa kila baada ya miezi 3 au 4. Kuku wakifa ghafula kwa wingi, usiwashike ovyo, usiwauze, usiwale, wala usiwatupe njiani. Funga banda, nawa mikono, na umpe habari bwana mifugo siku ile ile. Magonjwa mengine ya kuku huweza kuwashika watu.

MPIRA NI WA MWISHO

Hata kama kuku wako ni wa kulishwa, jaribu kwanza njia nyepesi.

Mtenge na wenzake. Mweke katika tenga lenye nyasi kavu, mahali penye joto pasipo na moshi wala mbu. Usiku ukiwa wa baridi, jaza chupa maji ya moto, ifunge kwa kitambaa, uiweke kando yake. Kuku aliyepoa baridi hawezi kusaga chakula. Mpashe joto kwanza, ndipo umpe maji, ndipo umpe chakula. Usiugeuze mpango huo.

Vigaga vya macho usivibandue. Vikibanduliwa hutoa damu, na virusi huenea. Vilainishe tu kwa pamba iliyochovywa katika maji ya vuguvugu yenye chumvi kidogo.

Kisha chukua bakuli lenye chakula kilichoroweshwa. Gonga ukingo wake kwa kidole: ko, ko, ko. Mguse ncha ya mdomo kwenye chakula. Kuku wengine, hata vipofu, hujifunza kula kwa kusikia mlio huo. Mguse vile vile ncha ya mdomo kwenye maji, lakini usizamishe matundu ya pua. Akinywa na akila, hahitaji mpira. Asipoweza, tuendelee.

VYOMBO

Andikeni vitu hivi katika daftari.

1. Bomba la sindano la mililita 50 au 60, bila sindano. Hupatikana katika duka la dawa za mifugo.

2. Mpira laini, mwembamba kuliko penseli. Bwana mifugo atakuonyesha unaofaa. Pitisha ncha yake juu ya mgongo wa mkono wako. Ikikukwaruza wewe, itamkwaruza kuku kooni. Mpira ushike bomba kwa nguvu, usije ukachomoka na kumezwa.

3. Kitambaa au khanga kuukuu ya kumfungia mabawa.

4. Chujio la chai.

5. Mizani na kikapu.

6. Daftari na penseli. Msishangae. Hivi ni vyombo kama vile vingine, na baadaye mtaona kazi yake.

KUPIMA

Sasa tufanye hesabu. Kuku hakai kimya juu ya mizani, kwa hiyo tunampima ndani ya kikapu. Kuku wangu na kikapu pamoja walikuwa kilo 1 na gramu 500. Kikapu peke yake kilikuwa gramu 300. Toa gramu 300. Je, kuku alikuwa na uzito gani? Semeni kwa sauti. Vema. Kilo 1 na gramu 200, yaani gramu 1,200.

Kipimo nilichofundishwa ni hiki: kwa kila gramu 200 za uzito wa kuku, mpe mililita 5 kwa mlo mmoja. Gramu 1,200 zina gramu 200 ngapi ndani yake? Zimo mara 6. Basi 6 mara 5 ni 30. Kuku wangu alistahili mililita 30 kwa mlo.

Lakini siku ya kwanza mpe nusu tu, yaani mililita 15. Gole la kuku aliyekaa na njaa limelegea. Ukilijaza, chakula kitapanda tena mdomoni na kuingia katika njia ya pumzi. Waswahili husema, haba na haba hujaza kibaba. Kwa kuku mgonjwa, haba na haba ndiyo inayomwokoa.

Mlo ni mara 4 kwa siku: saa 1 asubuhi, saa 5, saa 9, na saa 12 jioni. Kila mara gusa gole kwanza. Kama chakula cha mlo uliopita bado kimejaa, ngoja.

CHAKULA CHENYEWE

Siku ya kwanza ni maji, si chakula. Akina mama wanayajua maji haya, maana ndiyo wanayopewa watoto wanaoharisha: lita 1 ya maji safi yaliyochemshwa, vijiko vidogo 6 vya sukari, na nusu kijiko kidogo cha chumvi. Vijiko viwe sawasawa, visifurike. Chumvi nyingi humdhuru kuku. Maji haya ni ya siku moja, yanayobaki yamwage.

Siku ya pili, akiwa amepata nguvu ya kuinua kichwa, anza chakula. Chukua chakula cha vifaranga cha dukani, kilichosagwa laini. Kiroweshe kwa maji ya moto, kisha kipitishe katika chujio. Kiwe chepesi kama uji wa mtoto mchanga. Unaweza kuongeza kidogo kiini cha yai lililochemshwa, kilichopondwa.

Chakula kiwe vuguvugu. Dondosha tone ndani ya kifundo cha mkono wako. Usisikie moto, wala usisikie baridi. Chakula cha moto huliunguza gole, na jeraha lake halionekani mpaka siku kadhaa zimepita.

Kabla hujamshika kuku, sukuma chakula kidogo kipite katika mpira mpaka kitoke nje. Hapo umefanya mambo mawili: umetoa hewa, na umehakikisha kwamba hakuna donge la kuziba.

KULISHA

Kazi hii ni ya watu wawili. Mmoja anamshika kuku, mwingine analisha. Mara ya kwanza mwite bwana mifugo au mtu anayeijua kazi, akuonyeshe. Redio haina mikono.

Sasa simameni wawili wawili, mtazamane. Mmoja wenu awe kuku. Najua mtacheka, lakini fanyeni. Kuku, inua mkono wako wa kulia! Wewe unayemtazama, mkono huo uko upande gani kwako? Uko upande wako wa kushoto. Likumbukeni jambo hilo, maana uhai wa kuku uko hapo.

Ndani ya koo la kuku kuna njia mbili. Njia ya pumzi iko katikati, nyuma ya ulimi. Ni tundu dogo linalofunguka na kufumba kila anapopumua. Utaliona kwa macho yako ukimfungua mdomo mchana. Humo usiingize kitu kamwe. Njia ya chakula iko nyuma ya tundu hilo, nayo hushuka upande wa kulia wa kuku hadi kwenye gole.

Basi fuateni hatua hizi.

Kwanza, mfunge kuku kwa khanga, mabawa yakae ndani. Asifungwe kwa kukaza kifua, kwa sababu kuku hupumua kwa kutanua kifua chake. Akae wima. Usimlaze chali hata mara moja.

Pili, pima mpira kwa nje, tangu ncha ya mdomo hadi chini ya gole, shingo ikiwa imenyooshwa. Tia alama kwa wino. Kwa kuku wangu ilikuwa sentimita 16. Wako mpime mwenyewe.

Tatu, lowesha ncha ya mpira kwa maji. Fungua mdomo taratibu. Nyosha shingo juu.

Nne, ingiza mpira pembeni mwa mdomo, upande wa kushoto wa kuku. Upitishe juu ya ulimi kuelekea upande wake wa kulia, halafu uache ushuke. Usisukume kwa nguvu. Ukikwama, urudishe nyuma, uanze tena.

Tano, simama hapo kwanza. Kwa vidole vyako gusa shingo kwa nje. Utasikia mambo mawili: njia ya pumzi, ambayo ni ngumu na ina pingili pingili, na kando yake mpira wako. Vikiwa viwili, uko mahali pema. Ukisikia kimoja tu, au kuku akikohoa na kuhangaika kutafuta pumzi, toa mpira mara moja.

Sita, mpira ukifika kwenye alama, sukuma bomba polepole, huku mwenzako akiweka kidole kwenye gole. Atalisikia likijaa. Soma namba za bomba. Ikifika kipimo chako, acha. Usiseme, "Namwongeza kidogo kwa huruma." Huruma iko katika kipimo.

Saba, ukiona chakula kinapanda mdomoni, toa mpira upesi na ukiachie kichwa. Mwache akitikise mwenyewe. Usimlishe tena saa ile.

Nane, unapomaliza, ubane mpira kwa vidole ndipo uutoe. Usipoubana, matone ya mwisho yataanguka kwenye tundu la pumzi.

Kisha mrudishe katika tenga akiwa wima, atulie. Osha mpira na bomba kwa sabuni na maji ya moto, uvikaushe. Nawa mikono. Chakula kilichobaki kitupe. Baada ya saa chache huchacha.

KAZI YA DAFTARI

Kila asubuhi kabla ya mlo wa kwanza nilimpima kuku na kuandika. Hizi ni namba zangu.

Siku ya 1, gramu 1,200.
Siku ya 4, gramu 1,140.
Siku ya 8, gramu 1,150.
Siku ya 12, gramu 1,210.

Tazameni siku ya 4. Alikuwa amepungua gramu 60. Kwa macho nilimwona ni yule yule, lakini daftari lilisema anapungua. Nilimwuliza bwana mifugo, naye akaniambia kwamba uji wangu ulikuwa mwepesi mno. Niliufanya mzito kidogo, uzidi tu kupita katika mpira. Siku ya 8 alikuwa ameanza kupanda. Bila penseli nisingalijua, nami ningaliendelea kumlisha maji mpaka afe.

Siku ya 11 kigaga cha jicho la kushoto kilianguka. Siku ya 12 niligonga bakuli: ko, ko, ko. Aligeuza kichwa, akalitazama bakuli kwa jicho lile moja, akadonoa. Nilimpa mlo wa mpira wa jioni ile, na kesho yake nikaufua mpira nikauweka kabatini. Kuku anayekula mwenyewe hapaswi kulishwa kwa nguvu hata siku moja zaidi.

LINI UACHE

Kuku wote hawaponi. Ikiwa umelisha siku 3 na kuku anazidi kulegea, au gole halishuki, au anahema mdomo wazi, usiendelee peke yako. Mwulize bwana mifugo. Akikuambia kwamba hakuna tumaini, mpumzishe upesi bila mateso. Kumlisha kwa nguvu kuku anayekufa hakumwongezei uhai. Humwongezea maumivu tu.

Na kama kuku alipewa dawa, soma karatasi ya dawa. Imeandikwa siku za kungoja kabla ya kula nyama au mayai yake. Zamani mlimwomba mtoto awasomee. Sasa someni wenyewe.

Mwisho, kumbukeni wale walio wazima. Ndui nayo ina chanjo, ambayo huchomwa kwenye ngozi ya bawa. Fukieni madimbwi karibu na banda, ili mbu wapungue. Kuku aliyechanjwa hahitaji mpira wangu wala hesabu zangu.

Haya, wanafunzi wapenzi, muda wetu umekwisha. Jibuni maswali yaliyo chini pamoja na mwalimu wenu. Kwaherini, na usiku mwema.

MANENO YA KUJIFUNZA

Gole: mfuko wa chakula chini ya shingo ya ndege.
Kigaga: ganda kavu juu ya kidonda.
Vuguvugu: si moto wala si baridi.
Njia ya pumzi: njia ya hewa kwenda mapafuni.

MASWALI

1. Kuku mwekundu wa msemaji alikufa kwa sababu gani?
2. Kwa nini kuku mwenye ndui ya macho anaweza kufa njaa ingawa ugonjwa wenyewe hupita?
3. Taja aina mbili za kuku wasiofaa kulishwa kwa mpira.
4. Kuku na kikapu ni kilo 1 na gramu 900. Kikapu ni gramu 300. Kuku ana uzito gani? Atapewa mililita ngapi kwa mlo? Na siku ya kwanza je?
5. Kwa nini tunabana mpira kabla ya kuutoa?
6. Nenda nyumbani umshike kuku mmoja mzima asubuhi, kabla hajala. Gusa gole lake. Mgusie tena jioni. Andika sentensi 3 juu ya ulichokiona.